Mjaka Kapita Bila Kushuka

Soko la Konde lilikuwa limefurika watu siku Mwalimu Mjaka alipoanguka na baiskeli yake, taratibu kama mgomba uliokatwa, mbele ya duka la vitambaa la Rumaitha binti Suud.

Rumaitha alitoka na buibui lake, mtandio wa zambarau, harufu ya asumini ikimtangulia.

"Mwalimu, kwani weye husimami kwanza?"

"Mguu umenasa, dada. Nisaidie badala ya kunicheka."

"N'takusaidia n'kimaliza kucheka."

Mjaka akamwonyesha kiatu. Chini kina kipande cha chuma. Kikikanyaga pedali, tak! vinashikana. Kutoka, lazima usokote kisigino kwa nje. Kaka yake kamletea kutoka Maskati.

"Na nani kakwambia ujifunge miguu?"

"Milima ya Wete. Naipanda kila siku kwenda kazini, na hivi vinanipandisha mbio. Gari hazinichukui."

Rumaitha hakuuliza kwa nini. Ulikuwa mwaka ule kura zilipofutwa, Pemba ikasusiana. Mwalimu wa serikali alihesabiwa wa upande wa chama tawala hata kama hajafungua mdomo. Waliozifuta walikaa kwenye viyoyozi vyao. Sisi huku tukanyimana salamu, tukasusiana mpaka maziko. Hatujasahau.

Rumaitha hakumuuliza kadi ya chama. Alimpa namba ya simu.

"Umeanguka mara ngapi leo, laazizi?"

"Mara moja tu. Kwako."

"Mwongo mkubwa weye!"

Miezi miwili ya simu, wakakubaliana: Ijumaa wazee wa Mjaka waende kuposa.

Jumatano, baada ya alasiri, Mzee Suud alikuwa barazani kwake na wenzake. Pale Konde, kijana akipita na baiskeli mbele ya wazee hushuka, akaikokota, akawaamkia, ndipo apande tena. Mjaka aliwaona kwa mbali. Akasokota kisigino. Wapi! Akasokota tena. Akajiona amelala chali mbele ya baba mkwe. Akakanyaga pedali, macho mbele, akapita.

Wazee wakamfuata kwa macho.

"Baba yangu, hao wa serikali walimchukulia mikarafuu," alisema Mzee Suud. "Miye wakanichukulia kura. Sasa na salamu?"

Jioni simu ya Mjaka ililia.

"Usilete wazee," alisema Rumaitha.

"Roho yangu, nisikilize..."

"Babangu ulimwona?"

"Nilimwona, lakini..."

"Ukamsusia. Kama hao wengine." Akakata.

Mjaka alipiga mara kumi, hakupokewa. Ijumaa ikapita bila posa. Dukani, Rumaitha alikunja doti moja ya kanga mara tatu, na mara zote ikatoka upande.

Jumamosi alasiri, Mjaka akatokea na kanzu nyeupe kaipandisha kiunoni, kofia ya viua kichwani, na viatu vilevile. Angeweza kuvaa makubadhi. Angeweza kuja kwa miguu. Akafika barazani, akafunga breki, akasokota kisigino.

"Asalamu alaykum, wa..."

Puu! Kanzu, kofia, vumbi.

"Waalaykum salaam," alijibu Mzee Suud, maana salamu ni haki kujibiwa. "Mbona huinuki?"

"Siwezi, Mzee. Mguu umenasa. Na Jumatano ulinasa hivihivi. Niliogopa kuanguka mbele yako."

"Na leo?"

"Leo nimeogopa zaidi kupita."

Mzee Suud akajikongoja mpaka chini, akakishika kile kiatu, akakigeuzageuza.

"Chasokotwa wapi hichi?"

"Kwa nje, Mzee."

Tak! Mguu ukatoka. Mzee akatazama kile chuma, akamtazama Mjaka na vumbi lake, akacheka mpaka akashika mbavu. Baraza nzima ikamfuata.

Rumaitha alikuwa kishafika mlangoni, mkono mdomoni. "Baba, hakuumia?"

"Mzima huyu. Kamtilie kahawa." Kisha akamgeukia Mjaka, akimpangusa vumbi begani. "Na weye, waambie wazee wako waje Ijumaa. Lakini waje kwa miguu."