Kifungo cha Chini

Jua lilikuwa limeshazama nusu pale Mama Kidoti alipopigiwa simu na mumewe. Mume alikuwa amekwama juu ya paa la nyumba ya wageni, anahangaika na dishi lililogoma kukamata picha, na fundi wa koti alikuwa amemwambia leo anafunga mapema. Akamwomba mkewe apitie kulichukua.

"Lishike kama yai, Mama Kidoti," alimwambia. "Koti hilo nalisubiri tangu hujanijua."

Hakuwa anatania sana. Baba Kidoti alikuwa fundi wa televisheni, na maisha yake yote alikuwa mgonjwa wa filamu moja tu, ile ya zamani ya Mzee wa Koti. Aliiona akiwa mtoto, amebanana na kaka zake kwenye banda la video, na tangu siku hiyo haikumtoka. Mzee wa kwenye filamu hana uso unaoonekana. Ni koti tu, refu, la rangi ya majivu, na mluzi. Akipita kwenye nyumba yenye mtoto, kesho yake mtoto anakutwa ametulia mno, hamjui hata mama yake, na koti la mzee limeongezeka kifungo. Vifungo vyake vyote vimetoka kwenye nguo za watoto. Hakuna kinachofanana na mwenzake.

Mkewe hakuwahi kuimaliza filamu hiyo. Kila ilipowekwa alijifunika shuka hadi utosini, akawa anasimuliwa yaliyobaki huku mumewe anacheka. Alikuwa mtu wa haya. Majirani walimwita Kimya, na walisema kwamba akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

Lakini mikono yake haikuwa na haya. Nguo iliyokosa kifungo ilimkera kama kokoto kwenye kiatu. Siku moja, kwenye foleni ya zahanati, alimshonea mwanaume asiyemjua kifungo cha mkono wa shati bila kumwambia neno lolote zaidi ya "samahani".

Basi alimvalisha binti yake sweta la kijani alilomfumia mwenyewe, akamfunga vifungo vyote hadi cha mwisho, wakatoka. Kidoti alikuwa na miaka mitatu, na maneno aliyonyimwa mama yake alikuwa amepewa yeye yote. Njia nzima alikuwa anauliza kama koti linakula.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la rangi, mwisho wa ujia mwembamba. Haikuwa na kibao mlangoni. Fundi mwenyewe, waliomjua walimwita Mzee Nakala, kwa sababu alitengeneza vitu vya kwenye filamu kwa ajili ya watu waliozipenda filamu hizo kupita kiasi. Ndani kulinuka gundi na chai iliyochacha. Ukutani kulining'inia mapanga ya mbao yaliyopakwa rangi hadi yakaonekana chuma chenye kutu, na kichwa cha mpira kilichokatwa shingoni. Kidoti alikiamkia kichwa hicho, akakiuliza kama kinaumwa.

"Shikamoo, mzee," Kimya alinong'ona.

Mzee aliitikia, akafungua shuka jeupe juu ya meza.

Na Kimya akasahau haya zake.

Alilijua koti lile kutokana na vipande alivyovichungulia kwenye pindo la shuka, na lililokuwa mezani lilikuwa lile lile. Viwiko vilikuwa vimelika, lakini mtu alikuwa amevisugua kwa makusudi, kwa msasa, taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine. Kola ilikuwa na weusi wa jasho la miaka mingi. Kwenye pindo kulikuwa na tope lisilotoka mkononi ukiligusa, limekorogwa kwa gundi na majani ya chai. Nyuma ya kola kulikuwa na kiraka kidogo ambacho kwenye filamu kinaonekana mara moja tu, mzee anapogeuka, kabla hujapepesa jicho. Alifunua bitana. Hata huko ndani, ambako hakuna kamera iliyowahi kufika, mishono ilikuwa imepangwa kama sala.

Alipitisha kidole juu ya mishono, kisha akasimama.

"Mzee... umeshona kwa mkono wa kushoto."

Mzee Nakala alimgeukia. Alisema Kimya ndiye mtu wa kwanza kuliona hilo. Aliyelishona koti la kwanza alikuwa mtu wa shoto, na ili mshono ulale vile vile, Mzee Nakala alikuwa ameufunga mkono wake wa kulia kwa kitambaa hadi kazi ilipokwisha. Kila jioni aliisimamisha picha kwenye kitelevisheni chake, akasogeza uso hadi kioo kikapata mvuke.

"La kwanza liko wapi?" Kimya aliuliza, mwenyewe akijishangaa.

"Walilichoma. Filamu ilipokwisha, waigizaji wenyewe ndio waliotaka lichomwe."

Swali lingine lilimjia hadi kwenye ncha ya ulimi. Kwa nini? Lakini alikuwa ameshauliza moja, na kwake maswali mawili kwa mtu mzima yalikuwa mlima. Mzee alikuwa anakunja koti. Alimwambia bila kuinua macho kwamba mumewe ampigie simu kabla hajaligusa, kuna jambo dogo anataka kumweleza. Alilisema mara mbili. Kimya akaitikia kwa kichwa mara mbili. Kuuliza si ujinga, mama mkwe wake humwambia kila siku, lakini aliondoka bila kuuliza ni jambo gani.

Nyumbani alilitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango, akarudi hatua chache kulitazama. Lilikaa vizuri hata bila mtu ndani. Mabega yalijaa. Aliwaza uso wa mumewe atakapoingia, namna atakavyokaa kimya kwanza, yeye anayepiga kelele kwa kila kitu.

Ndipo akaona.

Kifungo cha chini kabisa hakikuwepo.

Uzi ulikuwepo, umetiwa nta, umeachwa unaning'inia kama ulimi. Alipiga magoti akaukagua. Masikini, mzee alikosa kifungo cha kufanana, akawaza. Ndilo jambo dogo lenyewe, anaona aibu kulisema. Aibu aliielewa vizuri sana. Na alikijua kifungo hicho, maana mumewe alimsimulia mara zisizo na idadi: cha chini kabisa ni kidogo, cha kijani, chenye matundu mawili.

Alimgeukia mwanawe, aliyekuwa sakafuni anabembeleza kijiko.

Sweta lilikuwa na vifungo vya kijani. Vidogo. Vyenye matundu mawili.

Filamu ni filamu, alijiambia. Alikata kifungo cha chini cha sweta, akatunga sindano, akakishona kwenye koti kwa uzi ule ule ulioachwa. Kilikaa kana kwamba kilikuwa safarini na sasa kimefika. Alipong'ata uzi kuukata, ulikuwa na ladha ya chumvi.

Umeme ukakatika.

Haikuwa ajabu, ulikuwa unakatika kila mara. Alipapasa jikoni kutafuta mshumaa, huku anamwambia Kidoti asiogope. Kidoti, ambaye hajawahi kuachwa na neno la mwisho, hakujibu.

"Kidoti?"

Tk.

Sauti ndogo, kama kucha kwenye sahani.

Tk... tk...

Kisha harufu. Sufu iliyolowa mvua, na chini yake udongo uliofukuliwa sasa hivi. Mvua haikuwa imenyesha.

Alilipata boksi la kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilizimika. Chumbani mtu alikuwa anapiga mluzi, chini chini, kama anayebembeleza mtoto. Ni ule mluzi aliokuwa akiufunikia shuka.

Njiti ya tatu ilishika, akaielekeza chumbani.

Msumari ulikuwa mtupu.

Koti lilikuwa limesimama katikati ya chumba. Halikushikiliwa na kitu chochote. Vifungo vyake vilikuwa vinajifunga vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kutoka juu kwenda chini. Tk. Tk. Na pale pindo lilipoishia, juu kidogo ya sakafu, zilionekana nyayo mbili ndogo zisizo na viatu.

Vidole vya nyayo hizo alivijua. Alikuwa amevikata kucha mchana huo.

Hakupiga kelele.  Aliidondosha njiti, akalirukia koti, akalikumbatia. Lilikuwa zito kama mtu mzima aliyelala. Alivuta mbele ya koti, haikufunguka. Alishika kifungo cha juu, kilikuwa na joto. Cha pili nacho kilikuwa na joto, kikamdunda kidoleni kama mshipa wa shingo. Kutoka ndani, mbali mno kwa umbali wa kitambaa kimoja, alimsikia mwanawe ananong'ona.

"Mama, babu ananipima."

Mkasi ulikuwa wapi? Hakukumbuka. Alishuka kwa magoti, akapapasa hadi chini kabisa, hadi kwenye kifungo alichokishona mwenyewe. Hicho peke yake kilikuwa bado baridi. Na kilikuwa kinaanza kupata moto.

Akaingiza uzi mdomoni, akauma.

Uliteleza. Akauma tena, hadi meno yakagongana na damu ikamjaa ulimini. Juu ya kichwa chake mluzi ulikoma, na kitu kikavuta pumzi, taratibu, kama mtu anayetaka kusema jambo.

Uzi ukakatika.

Koti likaanguka kama nguo yoyote ile inavyoanguka. Kidoti akaanguka nalo, baridi kama kikombe cha bati, macho yamefumbwa. Mama yake alimkumbatia gizani, kifungo amekibana kwenye kiganja, hadi mtoto alipokohoa na kuomba maji.

Baba Kidoti alirudi wakati umeme nao uliporudi. Alimkuta mkewe sakafuni, mdomo una damu, akadhani wamevamiwa na wezi. Alipoelezwa, kicheko kilimpanda, kikaishia njiani. Aliliokota koti alilolisubiri miaka yote, akaligeuza, akaona alama za meno. Hakulijaribu. Alilifunga ndani ya shuka, akaliweka nje ya mlango, akakaa na taa inawaka.

"Asubuhi tunamrudishia mwenyewe," alisema. Baada ya muda akaongeza, kwa sauti ndogo isiyo yake, "Lakini ni zuri, Mama Kidoti. Ni zuri mno."

Asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Kidoti aliamka vizuri, ila alikuwa anatetemeka, na hakuwa na maneno mengi. Mama yake alimpa uji, akamsugua miguu. Wakati mumewe anatafuta viatu, yeye aliketi ukingoni mwa kitanda, akatunga sindano, akafanya jambo ambalo mikono yake ingelifanya hata usingizini. Kisha akamvalisha mtoto, akamfunga vizuri, wakatoka.

Mzee Nakala aliliona furushi, akaketi kabla hajaambiwa. Safari hii Kimya ndiye aliyezungumza. Alieleza yote, bila kusita, kwa sauti iliyomshangaza mumewe.

Mzee alisikiliza huku anajishika mkono wa kulia. Alisema kazi yake ina sharti moja, alilofundishwa na aliyemfundisha: ukinakili kitu, acha pengo. Usiache kosa linalotokana na uvivu, acha pengo unalolijua. Panga moja halina msumari. Taji moja halina jiwe. Kitu kikifanana na cha kwanza kwa kila hali, nacho hakina sababu ya kujiona si cha kwanza. Koti hili lilimtisha kuliko kazi zake zote, ndiyo maana alitaka kumweleza mwenye nalo kwa mdomo wake.

"Ni nani aliyekuwa anavaa lile la kwanza?" Baba Kidoti aliuliza.

"Kwenye filamu? Mwigizaji."

"Na kabla ya filamu?"

Mzee alitikisa kichwa. Waliliokota, alisema. Ndivyo alivyosikia. Zaidi ya hapo hakujua, na hakutaka kujua. Ataliteketeza leo hii. Kisha akalikunjua mezani, akalikagua, akauona uzi uliotafunwa, akashusha pumzi.

"Umefanya vyema, binti yangu. Kifungo chenyewe umekitupa wapi?"

Kimya alitazama vidole vyake vilivyoshika sindano asubuhi ile, kisha akamgeukia mwanawe. 

Wanaume nao waligeuka.

Kidoti alikuwa amesimama mbele ya kile kichwa cha mpira. Leo hakukiamkia. Sweta lake lilikuwa limefungwa vizuri, kutoka juu hadi chini, hakuna kifungo kilichokosekana. Midomo yake ilikuwa imechongoka kidogo, na kati yake, chini chini, ulikuwa unatoka mluzi.

Mzee Nakala aliinuka na mkasi. Aliinama mbele ya mtoto polepole, kama anayemkaribia paka. Kidoti aliacha mluzi. Akakifunika kifungo cha chini kwa viganja vyote viwili.

"Usikate," alisema. "Nitatoka damu."

Mkasi ulibaki juu, hewani. Hakuna aliyethubutu.

Siku hizi Kidoti yuko shuleni, na mwalimu anamsifu kwa utulivu. Kimya bado anafuma, bado anashonea watu nguo, ila kila nguo inayotoka mikononi mwake ina kifungo kimoja pungufu, na mwenye nguo akiuliza, anajibiwa waziwazi kwamba ndivyo itakavyokuwa. Viatu vya mtoto vimebadilishwa, sare imebadilishwa, kitanda kimebadilishwa.

Sweta ni lile lile. Limekua pamoja naye. Mikono inamfika sawasawa, na viwiko vimeanza kuwa na rangi ya majivu.