Toleo la Leo

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, watu mia tatu na kumi na wawili wa mji wa Tabora, ambao miguu yao ilikwisha kuwakatalia, walisimama. Walivaa mavazi-mwendo, suruali za nyuzi za chuma laini zenye misuli yake zenyewe, wakaenda sokoni, msikitini na kazini wakipishana na wenye miguu ya kuzaliwa bila mtu kugeuza shingo. Kabla ya hapo, katika Karakana ya Mwendo, mashine iliyoitwa Mfumaji ilikuwa imezichukua programu kumi na moja, kila moja kazi ya kikundi chake, ikazifuma kuwa moja na kuirusha kwa kila vazi. Vazi lisilopata programu ya siku hiyo halikuruhusiwa kusimama. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya watu wawili kuanguka ngazini, na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Jumamosi hiyo Mfumaji alikataa.

Kalunde Msabila, mhandisi wa zamu, alikuta ukuta wa taarifa umejaa wekundu mtupu. Programu tisa kati ya kumi na moja zilikuwa zimekwama, na ujumbe wa mwisho ulisema: Mizani haipatikani. Mizani ndiyo programu iliyomzuia mtu asipinduke.

"Mbona imo?" alisema Obedi, mwenzake wa zamu, akionyesha ghala la programu kwenye kioo. "Naiona kwa macho yangu. Toleo la sita, nzima kabisa."

"Basi futa ghala la muda lote, mabaki ya jana yasituchanganye, tufume upya."

Wakafuta, wakafuma. Mfumaji akarudia yale yale. Wakaweka toleo la tano mahali pa la sita, makosa yakawa kumi badala ya tisa. Ilipofika saa moja na nusu simu ya Kalunde iliita. Alikuwa baba yake, Mzee Msabila, mchimba visima aliyeangukiwa na bomba miaka kumi na minne iliyopita, na tangu siku hiyo hakuwa na hisia kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Mama, mimi bado niko kitandani," alisema. "Suti ninayo, viatu vimeng'arishwa. Miguu tu ndiyo haijafika."

"Tunashughulikia, baba."

"Mshughulikie na ule wa kushoto. Mwezi mzima unanivuta, nikiwaambia mafundi wenu wananitazama tu. Saa tisa ni harusi ya mdogo wako, nampeleka mbele ya ukoo mzima." Sauti ya mzee ikashuka. "Nilimwahidi kwamba nitaingia naye nikiwa nimesimama, Kalunde. Tangu yuko darasa la pili nilimwahidi."

Alipokata simu, Kalunde aliurudia ukuta wa taarifa. Akajilazimisha kukaa. Hapo ndipo alipoliona kosa lake, lile lile analowakemea wanagenzi kila wiki: alikuwa amesoma kilio cha mwisho akasahau cha kwanza. Programu hutegemeana, na moja ikikwama zote zinazoisubiri nazo hulia, kila moja ikimtaja jirani yake. Mfumaji hakuwa ameikosa Mizani ghalani. Aliikosa kwa sababu nayo ilikuwa haijafumwa.

Akaipandisha orodha hadi juu kabisa. Mizani ilisubiri Magoti. Magoti ilisubiri Miondoko, programu inayojua namna binadamu anavyotupa hatua. Na Miondoko ilisubiri kitu kinachoitwa Kielelezo.

"Kielelezo ni mradi wa nani?" aliuliza.

Obedi akahesabu vikundi vyote kwa vidole, akarudia. "Si wa mtu. Kwenye kumi na moja hakimo."

Kwa kawaida programu hutaja toleo inalolihitaji, la nne au la sita, ikalishika hilo hadi ibadilishwe. Kielelezo hakikupewa namba. Paliandikwa "toleo la leo". Maana yake, kila alfajiri Mfumaji alikwenda kuchukua kipya, na leo alikwenda asikute kitu. Pembeni, mhandisi mmoja aliyekwisha kuhama mji alikuwa ameacha maneno ya miaka kumi na tisa iliyopita: "Ya muda. Tutabadilisha wiki ijayo." Wahandisi hupenda sana kuandika hivyo, kisha wakahamishwa, wakastaafu, na ya muda ikabaki. Chini ya maneno hayo palikuwa na anwani ya nyumba, mtaa wa pili kutoka karakana.

Kalunde alikwenda kwa miguu, akitarajia kukuta mashine iliyozimika. Alikuta mwanamke wa miaka sitini na kitu ameketi ukingoni mwa kitanda, goti la kushoto limevimba na kufungwa kanga. Sebuleni, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, ulitandikwa mkeka wa vipimo, ule unaohisi kila unyayo. Katikati ulikuwa umechakaa hadi nyaya zinaonekana.

"Shikamoo, mama. Natoka Karakana ya Mwendo."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta." Bi Zamoyoni, ndivyo alivyoitwa, alianza kulia. "Nimejaribu tangu alfajiri, goti limekataa katakata. Kuna mtu ameanguka?"

"Hakuna, mama. Wako vitandani tu."

Akaeleza kidogo kidogo. Alikuwa mfagizi wa karakana wakati mavazi yanabuniwa. Mhandisi yule aliupenda mwendo wake, akamwomba atembee juu ya mkeka nusu saa kila alfajiri ili apate hatua za kuyafundishia mavazi.

"Akaniambia, mama tembea hadi nitakapokuja kukuambia basi. Hakuja. Sasa ningeachaje, na watu wanasimama kwa miguu yangu? Siku ya kumzika mume wangu nilitembea kwanza, ndipo nikaenda kukaa na wafiwa. Harusi ya mwanangu Kigoma sikuiona. Mkeka haubebeki."

Kalunde aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Ule mguu uliokuwa ukimvuta baba yake mwezi mzima ulikuwa hapa, ndani ya kanga. Angeweza kubadilisha mstari mmoja, akashukuru, akaondoka, na mama huyu asijue kitu. Lakini kunyamaza kwa wahandisi ndiko kulikomfikisha mama huyu hapa.

"Mama, ilihitajika siku moja tu," alisema. "Siku yoyote nzuri tungeishika hiyo hiyo, ukapumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Bi Zamoyoni aliutazama mkeka kupitia mlango wa chumba, pale katikati ulipochakaa. Hakufoka, na Kalunde aliona heri angefoka.

"Na asubuhi zangu zote hizo, mmezitupa?"

"Hapana, mama. Zote zimo ghalani. Zinakaribia elfu saba."

"Basi usichukue ya jana, jana nilichechemea." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Chukua ya kesho yake baada ya harusi ya mwanangu. Tarehe tisa Agosti, mwaka wa kumi na mmoja huu. Walinipigia simu nisikie vigelegele. Kulipokucha nikatembea huku nacheka peke yangu."

Kalunde alifungua kioo chake cha mkononi pale pale kitandani, akafuta "toleo la leo" na kuandika tarehe hiyo. Saa nne kasorobo Obedi alipiga simu kusema ukuta wote umegeuka kijani.

Saa tisa alasiri Bi Zamoyoni alikuwa safu ya mbele ukumbini, mguu wake juu ya stuli. Mzee Msabila ndiye aliyemwalika. Alipoelezwa habari nzima alisema mama huyo aletwe hata kwa kubebwa.

Mlango ulifunguliwa, mzee akaingia amemshika bintiye mkono. Mguu wa kushoto haukuvuta. Magoti yalinyanyuka kidogo kupita ilivyohitajika, na mabega ya mzee yakafuata mchezo wa miguu. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Bi Zamoyoni alimshika Kalunde kiganja. "Ndivyo nilivyotembea siku ile?"

"Ndivyo, mama."

Aliendelea kutazama hadi mzee alipofika mbele na kugeuka.

"Kesho nitalala," alisema. "Nitalala hadi jua litoke."