Skrubu Nne za Wavu

"Sikupandisha sauti kupita kiasi, mama! Niseme mara ngapi?"

"Kwa hiyo spika imejipasua yenyewe? Lete ufunguo wa buti la gari. Kazi ya muziki umeimaliza leo."

Kijana aliutupa ufunguo juu ya meza ya fundi spika, akatoka akaegemea gari, uso umemvimba kwa hasira. Kupiga muziki kwenye gari la mama yake, harusi baada ya harusi, ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Mdogo wake wa kike, mwenye miaka kumi na miwili, alibaki akitazama vidole vyake. Kila Ijumaa yeye ndiye aliyesafisha ile spika kubwa ya besi ndani ya buti. Alifungua wavu wa chuma unaoikinga kwa mbele, akapangusa vumbi kwa brashi laini, kavu, kisha akaurudisha wavu kwa skrubu zake nne. Ijumaa iliyopita wenzake walimwita wakacheze. Wavu akauegemeza pembeni, akabamiza buti, huyoo! Jumamosi, harusini, spika ikakwaruza kama bati.

Fundi aliigeuza spika kwenye mwanga. "Mama, sauti ikizidi, hii karatasi ya mbele ya spika huchanika ukingoni. Hili ni tundu la katikati, limetobolewa kutoka nje. Kitu kizito kimeiangukia, labda jeki ya gari humo butini. Wavu ulikuwa wapi?"

Msichana alitia mkono mfukoni, akafumbua kiganja. Skrubu nne.

"Ni mimi, mama. Sikuurudisha."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Wiki nzima namwita kaka yako mharibifu, na wewe umekaa kimya, mnakula meza moja?"

"Niliogopa."

"Karatasi nitaibadilisha," fundi aliingilia kwa upole. "Jioni itanguruma."

"Spika ina fundi," mama alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kusahau wavu ni uzembe, ningekugombeza yakaisha. Kunyamaza mwenzako akiadhibiwa kwa kosa lako ni uongo, hata kama hukufungua mdomo. Harusi ya kesho utabaki nyumbani."

Alichukua ufunguo, akatoka nao hadi kwenye gari. "Shika. Nilikuonea, baba. Kazi ni yako."

Kijana aliupokea.

"Kaka, nisamehe," msichana alisema nyuma ya mama yake.

Hakumtazama. Alinyoosha mkono tu. "Skrubu."

Akampa. Kijana akazihesabu zote nne, akazitia mfukoni mwake, akafungua buti kuuchukua wavu.