Minyororo ya Verna

Yalimkuta Verna Haskett, dereva wa lori mwenzangu, huku huku milimani Colorado. Ilikuwa saa tisa alasiri, theluji imeshaleta giza.

“Mama, bila minyororo ya kuzuia kuteleza kwenye magurudumu hupiti,” askari wa barabarani alimwambia.

“Nafunga sasa hivi. Mume wangu yu mahututi huko ng’ambo ya mlima.”

“Basi fanya upesi, barabara inafungwa.”

Akafunga ya kushoto. Alipokuwa akikaza ya kulia, akasikia vyuma vikigongana kule kushoto alikotoka. Akarudi na tochi. Minyororo ilikuwa imefunguliwa, imelazwa chini, imenyooshwa vizuri. Kwenye theluji hapakuwa na nyayo ila zake. Akaifunga upya, akilia.

Mumewe alikata roho jioni ile. Verna alikuwa bado amepiga magoti kushoto, ameing’ang’ania minyororo kwa mikono miwili, akisikiliza ile ya kulia ikifunguliwa taratibu.