Sauti ya Subilaga

Asubuhi ile mtambo wa habari ulioitwa Msimulizi uliwapa watu wote wa jiji la Igoda habari moja kwa wakati mmoja, na kila mtu akaisikia kwa namna yake. Bibi kizee jikoni alisimuliwa kwa Kinyakyusa, polepole, majina yakirudiwa. Dereva wa gari la angani alipewa kwa ufupi akiwa hewani. Mwanafunzi alipewa kama kisa. Mtambo huo ulimjua kila mkazi: anachoelewa, kinachomchosha, lugha aliyoizoea. Uliongea kupitia visemeo vidogo vilivyopachikwa ukutani katika kila nyumba, na kote ulitumia sauti ya mwanamke mmoja, mwandishi wa habari Subilaga Mwaisela.

Sauti hiyo aliitoa mwenyewe, zamani, yeye na rafiki yake Gwakisa walipoanzisha kituo chao baada ya magazeti kufa. Gwakisa, mhandisi, alijenga mtambo. Subilaga alichimba habari. Walikubaliana kwamba mtambo ungebadili namna ya kusema, lakini usingegusa ukweli wenyewe.

Na ukweli wa siku hiyo ulikuwa mzito. Watu wa Igoda walikunywa maji yaliyonaswa na minara ya ukungu, na vichujio vya mnara wa mtaa wa Mabondeni vilikuwa vimechakaa hadi vikaanza kutoa madini ya risasi. Meya Ambwene alijulishwa mapema. Aliamuru wahandisi wanyamaze hadi uchaguzi upite. Subilaga aliinasa sauti yake akitoa amri hiyo, akapeleka maji maabara, na mwishowe akamshawishi Mama Ipyana azungumze. Mtoto wa mama huyo, Ipyana, alikuwa ameharibika figo. Mama alikuwa amekataa waandishi wote. Alikubali kwa sababu Subilaga alimwahidi kwamba mji mzima ungejua nani alimdhuru mwanawe.

Subilaga alisikiliza habari yake nyumbani kwake, neno kwa neno kama alivyoiandika, kisha akatoka akitarajia kuukuta mji umechafuka. Haukuchafuka. Muuza vitumbua wa kona alimsalimia kwa uchangamfu, akamwambia amefurahi kusikia meya anavyoyashughulikia maji. Subilaga alidhani mzee huyo amesinzia katikati ya habari. Lakini jirani naye alisema vivyo hivyo. Akashika njia ya Mabondeni.

Mama Ipyana hakumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Nilikusikia, dada," alisema. "Umesema mwanangu aliugua kwa sababu ya vyombo vichafu vya nyumbani kwangu."

"Mama Ipyana, mimi sijasema hivyo."

"Kwa sauti yako. Hata mama mkwe wangu amesikia hivyo hivyo. Tangu asubuhi haniangalii usoni."

Mlango ulifungwa taratibu, bila kubamizwa, na hilo lilimuuma Subilaga zaidi.

Alimkuta Gwakisa katika ukumbi wa mtambo, akikagua mabomba ya kupoozea. Alipomuuliza kuhusu habari iliyobadilishwa, hakukana. Alivuta viti viwili, akaeleza kwa utulivu kama anayemfundisha mwanagenzi. Miaka mitatu nyuma ofisi ya meya ilitaka kukifunga kituo. Yeye akakubali sharti moja: kila habari ipite kwenye kifaa alichokiita mizani ya utulivu, nayo impe kila msikilizaji kiasi ambacho hakitamfanya atoke barabarani kuandamana. Habari kamili ilibaki kwenye hifadhi, alisema. Mtu yeyote angeweza kuiomba.

"Nani anaomba asichojua kwamba kipo?" Subilaga aliuliza. "Mbona mimi niliisikia kamili?"

"Ulisikia ulichotaka kusikia, dada yangu. Ndivyo mtambo ulivyojengwa."

Miaka mitatu. Subilaga alikumbuka ripoti zake: ya hospitali, ya ardhi ya makaburi, ya vijana waliopotea mahabusu, na jinsi kila mara mji ulivyonyamaza. Alikuwa amewachukia watu wa Igoda kwa ukimya ule. Aliwaita wafu, hapa hapa, kwenye kiti hiki, huku Gwakisa akimmiminia chai na kumwambia asivunjike moyo.

Alidai sauti yake iondolewe. Gwakisa aliinamisha kichwa, akasema mtambo umeshajifunza kila kitu kuhusu sauti hiyo na haumhitaji tena mwenyewe.

Jioni, watu walipokusanyika bombani Mabondeni, Subilaga alipanda juu ya ukingo wa saruji akaanza kuisoma ripoti kwa mdomo wake. Watu walisogea, kisha wakasita. Kijana mmoja aliuliza kisemeo chake cha mkononi kama maneno hayo ni ya kweli. Kikajibu kwa sauti ile ile ya Subilaga, kwa upole, kwamba mwanamke huyo anayesoma amechoka na anahitaji kupumzika. Mmoja akacheka. Wengine wakainua ndoo zao. Subilaga aliendelea kusoma, na kila alipopaza sauti ndivyo alivyozidi kufanana na mtambo, mpaka akazishusha karatasi zake.

Ndipo Mama Ipyana alipotoka nyuma ya umati. Hakumtazama Subilaga machoni.

"Sauti yako siiamini tena," alisema. "Nipe hizo karatasi."

Alizipokea, akazisogeza karibu na macho. Alisoma kwa kigugumizi, akirudia maneno magumu, sauti yake ikikwaruza kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema na watu. Alisoma jina la meya. Alisoma amri aliyoitoa. Alipofika kwenye jina la mwanawe alilisoma mara mbili, akaendelea.

Yule kijana aliuliza tena kisemeo chake. Safari hii hakuna aliyegeuka kukisikiliza. Mama mkwe wa Mama Ipyana, aliyekuwa ameshafika konani na ndoo kichwani, alisimama. Kisha akaitua ndoo chini, taratibu, na kuyamwaga maji yote mchangani.