Mama Pindo na Simu Iliyoganda

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja. Suruali ikiburuta chini au sketi ikifumuka, watu walisema, "Mpelekee Mama Pindo." Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlikuwa na cherehani moja, pasi, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Asubuhi aliwasha pasi, akachora kwa chaki, akaanza kukata. Mdomo nao ulianza kazi saa hiyo hiyo, maana mama huyu hakuwa mtu wa kunyamaza.

Siku hizi mteja haji na kitambaa tu. Anatuma picha ya mshono, anatuma vipimo, halafu anabadili mawazo. "Fundi, ongeza kiuno." "Fundi, shusha shingo kidogo." Kwa hiyo simu ilikaa mezani kando ya mkasi, na ilikuwa chombo cha kazi kama mkasi wenyewe. Haikuwa imemaliza hata mwaka. Nyuma ilikuwa na kamera tatu, ndiyo maana mtaa mzima uliiita Macho Matatu. Watu wengi wa mtaa huo walikuwa nayo, kwa sababu duka la barabarani liliisifia sana.

Basi ghafla Macho Matatu ikaanza visa. Ukiigusa, inaganda. Ukitaka kupiga picha, inafikiri kwanza kama itakubali. Mara inapata moto, mara inazima yenyewe. Mama Pindo aliipuliza, akaifuta, akaibembeleza. Mwisho akaitukana, lakini simu haina haya.

Kilichomtia wazimu ni majoho ya kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameagiza majoho ya waimbaji wake wote, mikono mifupi. Mama Pindo akakata vitambaa vyote, akaipanga mikono juu ya meza. Alipoweka mkasi chini, simu iliyokuwa imeganda tangu asubuhi ikazinduka. Ikamwaga ujumbe wote kwa mkupuo. Wa kwanza ulitoka kwa mwalimu wa kwaya: "Fundi, usikate bado tafadhali. Tumebadili. Tunataka mikono mirefu."

Mama Pindo akakaa kwenye kiti. Mkono ukishakatwa mfupi haurefuki, hata ukiuombea dua.

Mwalimu wa kwaya alifika mchana, uso umekunjamana.

"Nimekutumia ujumbe alfajiri. Nimepiga, hupatikani. Mbona unatuzungusha, fundi?"

"Mwalimu, ni hii simu..."

"Kila fundi ana sababu yake. Leo simu, kesho umeme, keshokutwa panya." Akachukua vitambaa ambavyo havijashonwa. "Nitatafuta fundi mwingine."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pindo. Tangu ajue kushika sindano hakuwahi kuharibu nguo ya mtu. Jina lake ndilo lililolisha nyumba hiyo. Sasa jina lilikuwa linakwenda, na wateja wengine walishaanza kupita mlangoni bila kuingia. Alikasirika, akaikamata simu, akatoka.

Hasira hutafuta mtu wa kuangukia, na hii haikwenda mbali. Kwenye kibanda cha kona alikuwapo shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa simu. Watu walimwita Bisibisi. Ni yeye aliyembandikia kioo cha kukinga simu, na ni siku ile ile visa vilipoanza. Mama Pindo akajumlisha haraka haraka, akapata jibu alilolitaka.

"Shemeji!" alipaza sauti kabla hajafika. "Nilikuletea simu nzima, ukanirudishia mgonjwa! Umetoa nini humo ndani?"

"Shemeji, mimi nimebandika kioo tu. Sikuifungua."

"Nani aliifungua, upepo? Kweli, kikulacho ki nguoni mwako!"

Wateja waliokuwa kwenye benchi walisikia kila neno. Wawili walichukua simu zao, wakaondoka bila kuaga. Bisibisi alibaki amesimama peke yake.

Nyumbani mumewe, mchomeleaji wa mageti, hakupandisha sauti. "Umemwita mdogo wangu mwizi mbele ya watu. Una ushahidi?"

"Ushahidi huu hapa, umeganda!" alijibu Mama Pindo, na kuisukuma simu mezani.

Kesho yake alikuja jirani wa nyumba ya pili kupunguziwa sketi. Jirani huyu alikuwa mfanyakazi wa chama cha kutetea watumiaji wa bidhaa. Kazi yake ni kumsaidia mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Mtaani alijulikana kwa jina la Dada Haki. Alimkuta Mama Pindo anaipiga simu makofi.

"Dada yangu, utaiua. Ilianza lini?"

"Siku niliyoipeleka kwa shemeji yangu, yule..."

"Taratibu. Siku hiyo ulifanya nini kingine kwenye simu?"

Mama Pindo akatoa pini mdomoni, akafikiri. "Nilikaa kwenye benchi lake nasubiri. Likaja tangazo, sijui sasisho la nini. Nikabonyeza Kubali."

"Ulisoma?"

"Nani anasoma yale? Marefu kama hotuba ya mgombea."

Dada Haki akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Sasisho ni programu mpya ambayo kampuni inaituma kwenye simu yako. Mara nyingi ni jambo jema, linaziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Kwa hiyo usiache kusasisha simu. Lakini kampuni ikituma programu iliyotengenezwa kwa pupa, au nzito kuliko nguvu za simu, simu inazidiwa. Inaganda. Inapata moto."

"Yaani wameiharibu simu yangu wakiwa huko huko kwao, bila hata kuigusa?"

"Inawezekana. Ila jana, mtaa mzima ulikusikia, ulihukumu bila kuuliza. Leo tuulize kwanza."

Mama Pindo aliiweka simu chini. Alimkumbuka shemeji yake amesimama peke yake kibandani, akaona aibu.

Wakapita mlango kwa mlango. Muuza maua alikuwa na Macho Matatu, nayo inaganda, na kila siku anamfokea mkewe kwamba ameijaza picha. Muuguzi alikuwa amebadilisha laini na bado anahangaika. Kinyozi alishaamini kuna mtu mtaani ana kijicho naye. Wote waliwahi kubonyeza Kubali. Kila mmoja alidhani yamemkuta peke yake, akaona aibu, akanyamaza.

"Tunagombana na wake zetu bure," alisema muuza maua, "kumbe mbaya wetu hata hatujawahi kumwona!"

Jumamosi mchana wakakusanyika kwa Mama Pindo. Simu zikapangwa juu ya meza ya kukatia. Akaja pia mstaafu mmoja wa posta aliyeitwa Sibonyezi. Mzee huyu alinunua Macho Matatu kama wenzake, lakini aliapa kutobonyeza kitu asichokijua. Tangazo la sasisho lilipokuja, alilifukuza kama nzi. Vijana walimcheka sana kwa hilo.

Dada Haki alipomwona, macho yakamtoka. "Mzee wangu, hiyo simu yako haijasasishwa hata mara moja?"

"Sibonyezi mimi."

"Basi leo wewe ndiwe shahidi wetu!"

Mume wa Mama Pindo akamleta Bisibisi azikague simu. Bisibisi aliingia, hakumsalimu shemeji yake. Akafungua moja baada ya nyingine, akazipima betri.

"Betri nzima," alisema. "Vifaa ni vile vile vya kiwandani. Hakuna kilichotolewa." Maneno ya mwisho aliyasema akimtazama Mama Pindo.

Kisha Dada Haki akaanza kurekodi video. Wakafungua kamera za simu zote kwa pamoja. Simu ya Sibonyezi ikafunguka papo hapo, mzee akajipiga picha, akaitazama, akatabasamu. Za wengine zilikuwa bado nyeusi. Aina ile ile, duka lile lile, umri ule ule. Tofauti ilikuwa sasisho tu.

Mama Pindo akasimama. "Shemeji, nilikuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu nasema, nilikosea. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema Bisibisi. "Lakini wateja wangu hawako hapa. Kesho njoo uyaseme kibandani."

Na kweli alikwenda. Alisimama pale kibandani asubuhi nzima akimweleza kila anayepita, mpaka Bisibisi mwenyewe akamwomba aende nyumbani, anamzibia biashara.

Walipokutana tena, hasira ikageukia waliowauzia simu. Mama Pindo alitaka waende dukani wakavunje vioo.

"Hasira unayo haki nayo," alisema Dada Haki, "lakini hasira bila ushahidi ni kelele. Risiti ziko wapi?"

Muuza maua alikuwa ameitupa yake. Kinyozi alifutia wembe.

"Ndiyo maana wanatuchezea! Risiti itunzwe pamoja na karatasi ya waranti, ile ahadi ya kampuni kwamba kitu kikiharibika ndani ya muda fulani watakitengeneza. Ipige picha pia, maana wino unafutika. Asiye nayo akaombe nakala dukani. Na leo hii kila mtu ahifadhi picha na namba zake mahali pengine, simu isije ikafa nazo."

Walikwenda dukani wote. Muuzaji hata hakunyanyua kichwa. "Hizo zimeshachoka. Nunueni mpya."

"Nikikushonea suruali ikaachia kabla ya mwaka," alifoka Mama Pindo, "nikwambie ununue nyingine? Sisi hatukuja kununua. Tumekuja kudai. Tuandikie kwamba tumelalamika, na utie sahihi."

Muuzaji akaandika, akatoa na nakala za risiti. Wakatuma malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, pamoja na video. Walieleza tatizo, lilianza lini, na wanataka nini. Wakaomba namba ya malalamiko na wakaweka siku ya mwisho ya kujibiwa. Jibu lilikuja sentensi moja: "Tafadhali zima simu yako, kisha uiwashe."

"Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu!" Mama Pindo alipiga meza, chaki zikaruka.

Siku ya mwisho ikapita kimya. Dada Haki akawapeleka kwenye ofisi ya serikali inayolinda watumiaji. Mbele ya afisa hawakuwa watu wachache wanaolalama. Walikuwa na risiti, video, na lile jibu la kampuni. Video nayo ilikuwa imeshasambaa, na watu wa miji mingine wakawa wanasema, "Hata yangu!"

Hapo ndipo kampuni ilipokumbuka adabu. Meneja mwenye viatu vinavyong'aa aligonga mlango wa Mama Pindo akiwa na sanduku jipya mkononi.

"Mama, kampuni inakuthamini sana. Hii ni simu yetu mpya kabisa, bure. Tunaomba tu uyaondoe malalamiko na uifute ile video."

Mama Pindo alilitazama sanduku. Kazi zilikuwa zimepungua, na fundi asiyepatikana simuni ni fundi aliyefunga duka. Simu nzima ingemrudishia wateja wake kesho yake.

"Muuguzi mmemletea?" aliuliza.

"Tumeanza na wewe, mama."

"Kinyozi je? Na muuza maua?"

Meneja akarekebisha kola ya shati.

"Mliharibu simu za watu wote kwa mkupuo," alisema Mama Pindo, sauti inapanda. "Zitengenezeni kwa mkupuo huo huo! Mimi nilimwita shemeji yangu mwizi kwa sababu yenu. Nilipoteza wateja kwa sababu yenu. Mlijua, mkanyamaza, mkatuacha tulane wenyewe kwa wenyewe. Sasa mnataka mninunue mimi niwasahau wenzangu? Toka na sanduku lako!"

Meneja alitoka kinyumenyume, akajigonga kwenye meza ya pasi.

Haukupita muda mrefu, ofisi ya serikali ikaiamuru kampuni isahihishe kosa lake. Ikatumwa programu mpya iliyorekebishwa. Dada Haki aliwasomea maelezo yake, na safari hii walisikiliza hadi mwisho ndipo wakabonyeza. Simu zikaamka. Zile chache zilizogoma zilibadilishwa kwa waranti. Kampuni ikakiri hadharani kwamba sasisho lake ndilo lililokuwa bovu, ikaomba radhi.

Mwalimu wa kwaya alirudi na kitambaa kipya kwapani.

"Fundi, nimeona kila kitu. Nilikusema vibaya."

"Ulinisema vibaya sana," alisema Mama Pindo, na kuchukua futi ya kupimia. "Mikono gani safari hii?"

"Mirefu."

"Ukibadili mawazo, tuma ujumbe. Nisipokujibu kwamba nimeupata, njoo kwa miguu. Simu ni chombo, na chombo huharibika."

Siku moja, cherehani ikiwa inakimbia, aliingia mke wa kinyozi amekumbatia mfuko. Alichungulia nyuma yake, kisha akatoa birika la umeme lililoungua kitako.

"Nimelinunua juzi," alisema kwa sauti ndogo. "Limetoa moshi. Labda ni mimi, sijui kulitumia."

Mama Pindo akasimamisha cherehani. "Risiti unayo?"

"Ninayo."

"Nani mwingine amenunua birika la namna hii?"

"Sijui. Niliona aibu kuuliza."

Mama Pindo akachoma pini kwenye kitambaa, akanyanyuka, akatafuta viatu vyake.

"Aibu tuwaachie waliolitengeneza," alisema. "Twende tukaulize."