Saa Nane ya Bibi

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Bi Mtandao alikuwa ameshaishika simu. Jina hilo alibandikwa na mama yake, fundi cherehani, siku alipomwachia simu yake ya zamani yenye ufa kwenye kioo. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliistaajabia simu ile mno. Iliamsha nyumba nzima, ilikumbusha kazi ya hesabu, ilijua hata mvua ya kesho! "Simu haikosei," alizoea kusema, kidevu juu.

Bibi yake hakuwa na simu. Alikuwa na mtandio. Kila jambo la kukumbuka alilifungia fundo kwenye ncha yake, akawa analipapasa kwa vidole, maana macho yalikuwa yameshamtupa mkono.

"Ni mtoto wa jicho," muuguzi wa hospitali alimwambia.

"Basi mtoto huyo ni mtundu kuliko mjukuu wangu," bibi akajibu, na chumba kizima kikacheka.

Habari njema ilikuja wakati wa likizo. Daktari bingwa wa macho, anayepita mara moja tu kwa mwaka, angepima wagonjwa Ijumaa saa nane mchana. Watakaopimwa ndio watakaofanyiwa upasuaji kesho yake. Bibi akaikamata ncha ya mtandio na kupiga fundo.

"Ah, bibi! Mafundo ya nini zama hizi?" Bi Mtandao akalifungua fundo lile huku akicheka. "Nimeshaiambia simu. Wewe kaa raha mustarehe."

Ijumaa ilipofika, mama alikwenda kwenye cherehani yake. Simu iliachwa mezani ikichajiwa. Bibi alivaa gauni lake zuri, akaketi mlangoni akiota jua, na mjukuu akaruka kamba uani.

"Mjukuu wangu, bado?"

"Bado, bibi. Haijalia."

Kamba ikarukwa weee! Bibi akauliza tena, "Jua lilikuwa magotini, sasa limenihama kabisa. Kweli bado?"

"Bibi nawe! Simu haikosei."

"Na jua je, lini limekosea? Hebu ilete hiyo simu."

Bi Mtandao aliingia ndani akiburuza miguu. Lo! Ilikuwa saa tisa kasorobo. Akakifungua kikumbusho. Alikuwa ameandika nane PM, kwa sababu aliambiwa saa nane mchana. Lakini nane ya simu si nane yetu: simu ingelia saa mbili usiku, watu wakila chakula!

"Mungu wangu! Bibi, nimekuponza!"

Walikwenda mbio mbio, mkono kwa mkono, bibi akijikwaa kila hatua. Walipofika hospitalini, muuguzi alikuwa anafunga mlango, na daktari ameshabeba mkoba wake.

"Tumemaliza, mama. Mpaka mwakani," alisema daktari. "Mbona mmechelewa hivi?"

Mwaka mzima wa giza! Uongo ulimjia Bi Mtandao mdomoni: aseme gari liliharibika. Kisha akaiona ncha ya mtandio wa bibi, tupu, bado imejikunja pale palipokuwa na fundo. Machozi yakamtoka.

"Kosa ni langu, daktari. Bibi alifunga fundo, mimi nikalifungua. Nikaiandikia simu nane, kumbe nane yake ni saa mbili. Bibi aliniuliza mara mbili, sikumsikiliza."

Daktari alimtazama, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Visingizio vya foleni nimesikia vitano leo. Ukweli kama huu, mmoja tu. Hata mimi niliwahi kukosa zamu kwa kosa hilihili. Muuguzi, tufungulie."

Jumapili asubuhi, siku moja baada ya upasuaji, muuguzi aliibandua bandeji taratibu. Bibi alipepesa jicho. Akalitazama dirisha, akatazama vumbi likielea kwenye mwanga, akaugeuza mkono wake mbele na nyuma. Bi Mtandao alisogea karibu. Hakuwahi kuona mtu akiustaajabia mkono wake mwenyewe.

"Kumbe una kidoti shavuni," bibi alinong'ona. "Miaka yote hii, sikukijua!"

Mjukuu alimkumbatia.

Daktari aliichukua simu, akaiweka kwenye mfumo wa saa ishirini na nne. "Sikiliza, binti. Simu hutunza ulichoiandikia, haijui ulichokusudia. Ukishaandika, isome tena kwa sauti, na mtu akikuuliza mara mbili, nenda ukatazame. Haya, mnarudi kwa muuguzi Ijumaa ijayo, saa nane mchana."

Bi Mtandao aliandika polepole, kisha akampa bibi simu. Bibi akaisogeza karibu, kidole kikipita juu ya ufa wa kioo.

"Kumi na nne," alisoma, mwenyewe, kwa jicho lake. "Toa sita... nane. Sawasawa."

Kisha akamsogezea mjukuu wake ncha ya mtandio. "Sasa nifungie na fundo langu."

Bi Mtandao akalifunga, akalikaza kwa mikono miwili.